Programu ya Simu Haimwagi Maji

Leo sina programu mpya ya kuwasifia. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni dhidi ya watu wa kazi yangu, sisi tunaoandika programu.

Januari 2025 binamu yangu anayeishi Houston, Texas, alinipigia simu usiku. Tarehe 21 mwezi huo theluji ilikuwa imeanguka kwao, jambo ambalo mji ule wa joto haujazoea hata kidogo.

"Ndugu yangu, si wewe ndiye mtu wa kompyuta?" akaanza. "Programu ya kunyunyizia nyasi iliniambia bustani yangu imelindwa. Sasa mbona kuna chemchemi kando ya nyumba?"

Kumbe alikuwa amenunua kidhibiti cha vinyunyizio kinachotumia intaneti. Baridi ilipotangazwa, alibonyeza kitufe cha majira ya baridi kwenye simu, akaona alama ya kijani, akaenda kulala. Barafu ilipoyeyuka, kile kifaa cha shaba kilicho nje ya ukuta kilikuwa kimepasuka na maji yanaruka hadi dirishani. Kampuni sitaitaja, kwa sababu tabia hii si ya kampuni moja.

Tabia gani? Ya kumwambia mtu "umelindwa" wakati programu haijalinda chochote.

Tufuate maji yanavyotembea, mtaona ujanja uko wapi. Maji hutoka kwenye mita, yakapita koki ya kufungia mfumo wa bustani, yakaingia kwenye kizuizi, yaani kifaa kinachozuia maji machafu ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa. Kutoka hapo hufika kwenye vali za umeme, moja kwa kila sehemu ya bustani, kisha kwenye vinyunyizio. Kidhibiti hutuma umeme wa volti 24 kwenye vali, nayo hufunguka. Umeme ukikatika, vali hujifunga. Basi! Hiyo ndiyo kazi yote ya kidhibiti, kiwe cha bei rahisi au cha kuringia majirani.

Sasa angalieni kizuizi kiko wapi. Kiko kabla ya vali. Maji yamo ndani yake mchana na usiku, yenye presha kamili ya mtaa, hata kama vinyunyizio havijafanya kazi mwezi mzima. Na kwa ile aina inayotumika katika nyumba nyingi za huko, lazima kisimame juu ya ardhi, angalau sentimita 30 juu ya kinyunyizio kilicho juu kuliko vyote, la sivyo hakifanyi kazi. Kwa hiyo sehemu yenye maji daima ndiyo iliyoachwa uchi kwenye upepo. Maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9. Shaba haivumilii, na plastiki iliyo ndani yake hata kidogo.

Programu ya simu haifiki hapo. Haina mkono wa kufunga koki wala wa kumwaga maji. Kitufe cha majira ya baridi husimamisha ratiba tu. Sisemi ni kitu kibaya: kunyunyizia usiku wa baridi kali hugeuza njia ya miguu kuwa barafu, na mtu anaweza kuvunjika mguu. Lakini kusimamisha ratiba na kulinda paipu ni mambo mawili mbalimbali. Aliyeyaunganisha kwa neno moja na alama ya kijani amedanganya, na mwanafunzi yeyote wa sayansi ya kompyuta angetambua kosa lake: unasoma hali ya programu halafu unaitangaza kama hali ya dunia.

Kuna watakaonijibu kwamba vifaa hivi huleta tahadhari ya hali ya hewa, na vingine vina kihisi cha baridi. Sawa, tahadhari nakubali, ni jambo zuri. Lakini kihisi nacho hufanya nini? Kinazuia kidhibiti kisifungue vali. Tumerudi palepale, nyuma ya kizuizi.

Kisha kuna umeme. Februari 2021 dhoruba ya baridi iliipiga Texas, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikakosa umeme. Houston ilishuka hadi kama nyuzi 11 za Selsiasi chini ya sifuri tarehe 16. Usiku kama huo kidhibiti cha intaneti ni kipande cha plastiki ukutani. Siku ambayo ulinzi unahitajika zaidi ndiyo siku ambayo umeme na mtandao ni vya kubahatisha. Huo si ulinzi, jamani.

Upande wa pili kuna wanaotisha watu kupita kiasi. Wanachukua desturi za Minnesota, ambako ardhi huganda kwenda chini hata mita moja, na kuwauzia watu wa Houston kazi ya kupuliza mfumo mzima kwa kompresa kila mwaka. Kule Minnesota kompresa ni lazima. Houston, baridi kali huja kwa siku chache kisha jua hurudi, na ardhi yenyewe hubaki blanketi ya paipu zilizofukiwa. Tena kompresa mkononi mwa asiyejua ni hatari: hewa yenye presha kubwa huvunja vali na vinyunyizio, na ikipita kwenye kizuizi inaweza kuharibu kilekile ulichotaka kukiokoa.

Basi kinachohitajika ni nini? Nusu saa, bisibisi bapa, taulo kuukuu na mfuko wa plastiki. Nilimweleza binamu hivi, na ninyi wenye ndugu huko waelezeni:

1. Funga koki ya mfumo wa bustani, ile iliyo kabla ya kizuizi. Mara nyingi imo kwenye kijisanduku ardhini. Itafute leo, mchana, si usiku wa baridi ukiwa na tochi mdomoni.

2. Washa kila sehemu ya bustani kwa dakika moja ili presha iishe. Hapa kidhibiti chako kinasaidia kweli. Kisha kizime.

3. Kwenye kizuizi kuna vikoki vidogo vya kupimia. Vifungue kwa bisibisi, robo mzunguko, maji yatoke. Kama kuna kifuniko cha kumwagia maji chini ya paipu inayopanda, kifungue pia.

4. Mikono ya koki mbili za kizuizi iache katikati, nyuzi 45. Ikiwa wazi kabisa au imefungwa kabisa, maji hunaswa ndani ya koki na kuipasua.

5. Funika kizuizi na paipu zote zilizo juu ya ardhi kwa sponji ya paipu au taulo kavu, kisha mfuko juu. Usizibe kabisa matundu ya hewa wala pale maji yanapotokea.

Baridi ikipita, funga vikoki vidogo na kifuniko, rudisha mikono ya kizuizi, kisha fungua koki kuu polepole sana. Ukiifungua kwa pupa, maji huja kwa kishindo na kuvunja kilichosalimika.

Kama nyumba haina koki kabla ya kizuizi, mwite fundi wa mabomba aiweke. Hela ulizotaka kununulia kidhibiti kipya zipeleke huko kwanza.

Na msidhani hili ni la mwenye nyasi peke yake. Februari ile ya 2021 paipu zilipasuka kila mtaa, maji yakamwagika hovyo, na presha ya mji ikashuka. Jiji la Houston liliwaomba wakazi wasiache mifereji ikitiririka ili kuzuia kuganda, kwa sababu hospitali na wazima moto walihitaji presha hiyo. Kuanzia tarehe 17 hadi 21 watu walitakiwa kuchemsha maji kabla ya kunywa. Mji tajiri wa mafuta, na mama anachemsha maji ya mtoto kama sisi mfereji unapotoa maji ya rangi ya chai! Kila kizuizi kinachopasuka ni shimo kwenye maji ya mtaa mzima.

Sasa narudi kwa waandishi wenzangu wa programu. Sijitoi. Niliwahi kuandika programu ya pampu ya shambani, nikaweka kitufe nilichokiita "Linda". Kazi yake ilikuwa kubadili thamani moja kwenye hifadhidata. Mteja aliniuliza, "Kijana, hiki kinalinda nini?" Nikakosa jibu. Nilibadilisha jina siku hiyohiyo.

Ninachotaka ni maneno ya kweli tu. Badala ya alama ya kijani, andikeni: "Kunyunyizia kumesimamishwa. Maji bado yamo kwenye paipu. Toka nje ukafunge koki." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja kuyaandika. Yangemwokolea binamu yangu kizuizi, na majirani zake maji.

Mauzo yatapungua? Labda. Lakini mtu akikuamini alale, usimwamshe kwa mafuriko.

Binamu amenunua bisibisi. Anaitundika kando ya kidhibiti.