Daftari la Wiki: Mkoba, Tairi na Sisi Wafupi

Naamini mkoba wa kufungwa nyuma ya kiti cha baiskeli ulibuniwa na watu warefu. Ushahidi wa mahakamani sina, ila hesabu ninayo. Tumchukue mtu ambaye mguu wake, kuanzia kwenye kinena hadi chini ya kisigino, ni sentimita 74. Kiti chake kikikaa sawasawa, juu yake patakuwa kama sentimita 89 kutoka ardhini. Vitanzi vya kufungia mkoba viko chini kidogo ya hapo, tuseme 83. Gurudumu la kawaida la baiskeli za barabarani kule Ulaya, lile waliloliita 700C, likivaa tairi la milimita 32 linafika sentimita 68 na ushee. Ongeza madigadi, umefika 70. Kilichobaki ni sentimita 13, wakati mkoba wa lita 18 ukijazwa unataka ishirini na zaidi. Mwenzake mwenye mguu wa sentimita 88 ana nafasi ya karibu sentimita 25, na hana habari kwamba kuna watu wanahangaika.

Hesabu hii imeletwa na mpwa wangu anayefanya kazi Preston, kaskazini mwa Uingereza. “Shikamoo mjomba,” akaandika, kisha picha ikafuata: mkoba wa kijani, tako lake limechubuka duara la ukubwa wa kisoda, nyuzi zimechomoza nje, na kwa ndani unaiona soksi. Anataka kujua anunue kishikilio gani cha kuuinua. Mpwa wangu ni mfupi kama ukoo mzima wa mama yake, na mama yake ni dada yangu. Kwa hiyo nimelichukua kama suala la familia.

*

Mkoba wenyewe ni wa kuheshimiwa. Umeshonwa Nelson, mji mdogo wa Lancashire uliokuwa wa viwanda vya pamba, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka anakoishi. Kampuni ni Carradice, iliyoanzishwa mwaka 1932 na Wilf Carradice, mwendesha baiskeli ambaye hakuridhika na mikoba iliyokuwa sokoni, akajishonea wake. Kitambaa ni turubai zito la pamba lililotiwa nta. Mvua ikilipiga, nyuzi huvimba na matundu katikati yake hujiziba. Ndani, kwa juu, kuna kijiti cha mbao kinachopita upande hadi upande ili mkoba usijikunje katikati. Na kwenye lebo kuna jina la mshonaji, limeandikwa kwa kalamu.

Hilo la jina nimelipenda. Mafundi cherehani wetu wengi wasingethubutu, maana mteja angejua pa kuirudisha suruali.

Turubai hilo linastahimili mvua ya Lancashire mwaka nenda mwaka rudi. Tairi ndilo halivumilii. Gurudumu la saizi niliyoitaja hapo juu huzunguka mara 460 hivi kwa kila kilomita, na kila mzunguko ni kupigwa msasa. Siku moja ya safari inatosha kutoboa. Madigadi huokoa mkoba, lakini yenyewe yakikandamizwa hushuka yakaanza kusugua tairi, ukabaki na kelele ileile kutoka mahali pengine.

*

Sasa vishikilio. Kinachojulikana zaidi ni Bagman, ambacho Carradice wenyewe wamekiuza kwa miaka mingi. Ni kibano kinachoshika reli mbili za chuma zilizo chini ya kiti, kikatoa nyuma fito iliyokunjwa tanzi, mkoba ukalala juu yake. Fremu haiguswi, tundu halitobolewi, unahitaji spana tu. Kwa mtu mwenye nafasi ya sentimita 17 au 18 nakipa heshima zake: mkoba unaacha kuning’inia, unalala kiasi kuelekea nyuma, na mapaja hayaugusi unapokanyaga. Tatizo ni kwamba mzigo wote bado umebebwa na reli za kiti, tena sasa kwa mkono mrefu zaidi. Kila shimo barabarani linatikisa bolti. Na mwenye sentimita 13 bado hajapona, kwa sababu fito nayo inahitaji pa kukaa.

Kuna kingine, kizuri machoni, kinachofungwa kwenye bomba la kiti. Mkoba unachopekwa na kuchomolewa kwa mkono mmoja, unaingia nao ofisini kama mtu mwenye cheo. Lakini kinataka bomba lichomoze vya kutosha juu ya fremu, na bomba la mtu mfupi limezama lote. Yaani dawa imetengenezwa kwa asiyeumwa.

Keria zinazoning’inia kwenye bomba hilohilo, zisizo na miguu, sizipendi na sitajificha. Nyingi zimeandikwa mwisho wa mzigo ni kilo 9 au 10, na baiskeli ikiegemea ukuta vibaya zinazunguka zikatazama pembeni.

Nilimwambia mpwa wangu atafute keria ndogo yenye miguu, ile inayosimama kwenye masikio ya fremu, yale matundu ya bolti karibu na ekseli. Si lazima iwe kubwa. Japani kuna Nitto, kampuni ya tangu 1923, wanaozitengeneza kwa mabomba membamba ya chuma, nzuri hadi unaona haya kuzifunga mkoba. Bei zao nazo zinatia haya. Keria ya alumini ya duka la kawaida inafanya kazi ileile. Muhimu ni kwamba uzito unashuka moja kwa moja kwenye ekseli, na vitanzi vya kiti vinabaki na kazi ya kuuzuia mkoba usianguke nyuma. Fremu isiyo na masikio inaweza kufungiwa vibano vilivyovikwa mpira, ilimradi si ya kaboni na mzigo si wa gunia.

Akanishika hapo. “Mjomba, kama naweka keria, si bora ninunue mikoba ya pembeni nimalize?”

Swali zuri. Mikoba ya pembeni inabeba zaidi, na mwenye kwenda sokoni aichukue. Lakini inatanua baiskeli, inakamata upepo, na kwenye fremu fupi kisigino kinaigonga kila unapokanyaga. Mkoba wa nyuma ya kiti umejificha kwenye kivuli cha mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana utaiona mikoba ya nyuma ya kiti kwa wingi kwenye Paris-Brest-Paris, safari ya kilomita 1,200 iliyoanza kama mashindano mwaka 1891 na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne, mwisho wake saa 90. Usingizi ni hiari yako, na mafundi hawakufuati na gari njia nzima. Watu wa namna hiyo wakichagua pa kuweka koti la mvua, mimi nawasikiliza.

*

Huku kwetu swali hili haliulizwi, kwa sababu keria huja na baiskeli. Phoenix, Avon, Raleigh za zamani, zote zimezaliwa nayo, juu ya magurudumu ya inchi 28 ambayo ni marefu kuliko hayo ya Ulaya. Na hiyo ya kiwandani haitoshi. Mchukuzi wa mkaa anayeingia Dar es Salaam kutoka upande wa Kisarawe anaipeleka kwanza kwa mchomeleaji, anaongezewa nondo mbili, wakati mwingine na fito za kuimarisha uma wa mbele. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walitia godoro dogo juu ya keria wakaanza kuvusha abiria, na bodaboda ikazaliwa. Baiskeli ya Buffalo, inayounganishwa Kisumu, inauzwa na keria iliyopimwa kubeba kilo 100. Kilo mia! Na mpwa wangu ananiuliza kuhusu koti na soksi.

Juzi nilisimama kwa fundi baiskeli mmoja Mbagala kuangalia anavyotengeneza kamba za kufungia mzigo. Anachukua tyubu chakavu, anakata sehemu ya valvu anaitupa, kisha anaingiza wembe na kuanza kukata mzungukozunguko, upana wa kidole kimoja, bila kupima. Tyubu inageuka kamba moja ndefu mno. Mteja wake, muuza nazi, aliivuta hadi ikawa nyembamba, akazungusha gunia na keria, kila mzunguko ukikaza uliotangulia, na mwisho akachomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Hakufunga fundo. Nilimuuliza kwa nini hatumii kamba ya nailoni. Akasema nailoni ikitikiswa inalegea, mpira ukitikiswa unafuata mzigo.

Jibu hilo limesafiri hadi Preston jioni ileile. Mkoba ukilala juu ya keria ndogo bila kufungwa chini, unacheza kushoto na kulia mwendeshaji akisimama kwenye pedali kupanda mlima. Carradice wameweka mkanda wa ngozi wa kushika bomba la kiti, unasaidia, ila kipande cha tyubu kilichopitishwa chini ya keria kinamaliza kazi. Tyubu chakavu hata Uingereza ni za bure. Maduka ya baiskeli yanazitupa.

*

Kwa habari ya mizigo, nimekumbuka Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda kwa wanaume, kilomita zaidi ya 260 za kupanda na kushuka. Kanuni zinasema baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Ukienda nje kidogo ya mji huohuo utamkuta mtu anasukuma mlimani mikungu ya ndizi ambayo hata mmoja tu unaizidi baiskeli hiyo kwa uzito. Sisemi nani ni bingwa.

*

Kuhusu kupakia. Kabla ya kutoa hata senti kwa kishikilio, angalia ulivyopanga vitu. Mikoba mingi inayogusa tairi inagusa kwa sababu matako yake yamelegea. Kata kipande cha plastiki ngumu, ubavu wa ndoo iliyopasuka unafaa, kilingane na sakafu ya mkoba, kitie ndani. Vifaa vizito kama spana na pampu viegemee upande wa bomba la kiti, nguo zikae nyuma. Mikanda ya vitanzi ipandishwe hadi tundu la mwisho. Unaweza kupata sentimita mbili au tatu bure, na kwa mwenye kukosa sentimita mbili au tatu, habari imekwisha.

Kiti kisicho na vitanzi ni jambo jingine. Viti vya ngozi vya Brooks, mtindo wa B17, vinavyo vyake vya chuma kwa nyuma. Viti vingi vya kisasa vya plastiki na sponji havina, na watu hupitisha mikanda moja kwa moja kwenye reli. Hapo mkoba unakaa mbele zaidi, unapiga mapaja. Vitanzi vya kufunga kwa bolti vinauzwa, vinunue kabla ya kishikilio.

Na mkoba ukishainuka, simama nyuma ya baiskeli utazame taa. Mara nyingi taa iliyokuwa kwenye bomba la kiti imefunikwa kabisa. Sheria ya Uingereza inataka taa nyekundu na kiakisi kwa nyuma usiku, na madereva wa Mbagala, sheria au bila sheria, wanahitaji kukuona. Ihamishie kwenye keria au kwenye kitanzi kilichoshonwa mgongoni mwa mkoba.

Mpwa wangu amepima, amepata sentimita 14, na keria yenye miguu imeshaagizwa. Nawe unayefikiria kununua, kwanza jaza mkoba, kaa kitini umwombe mtu apime kutoka kitanzini hadi juu ya madigadi. Na kama reli za kiti chako ni za kaboni, usifunge kitu chochote hapo.