Chungu Kimefika, Mfinyanzi Je?

Mishale minene ya uhamaji imerudi kwenye ramani. Tangu maabara zianze kusoma vinasaba vya mifupa ya kale ya Afrika Mashariki, mjadala wa nani alitoka wapi umekuwa mwepesi kupita kiasi: watu waliondoka huku, wakafika kule, utamaduni wao wakaubeba mzima mzima. Toleo hili la jarida letu linaupinga wepesi huo. Limehaririwa Al Thumama, kusini mwa Doha, katika nchi ambayo mawe na vigae vyake vimekwisha kuwaumbua wachora mishale mara mbili.

Kwanza mawe. Wataalamu wa Denmark walioanza kazi Qatar mwaka 1956 waliokota zana za gumegume kwa maelfu juu ya ardhi, na mwaka 1967 Holger Kapel akazichapisha katika atlasi. Alizipanga makundi manne, A hadi D, kwa kutazama maumbo na jinsi jiwe lilivyochakaa. Kundi A likapewa ukongwe kupita yote. Kuanzia 1976 ujumbe wa Ufaransa chini ya Jacques Tixier ulichimba badala ya kuokota, na huko Al Khor mpangilio ule ukaporomoka: zana za kundi A hazikuwa na ukongwe uliodhaniwa. Umbo lilikuwa limesomwa kama tarehe.

Kisha vyungu, na hapa ndipo penye uzito. Al Da'asa, pwani ya magharibi ya Qatar, kuna vigae vyenye michoro ya mtindo wa Ubaid, wa kusini mwa Iraki, vya zaidi ya miaka 6,000. Je, watu wa Iraki walihamia? Mwaka 1977 Joan Oates na wenzake walitoa majibu ya kupima udongo wenyewe wa vigae vya Ghuba: ulikuwa udongo wa kusini mwa Mesopotamia. Vyungu vilifinyangwa huko vikaletwa. Lakini zana za mawe zilizolala navyo ni za mapokeo ya rasi ya Arabia. Wenyeji walipokea chungu, wakabaki na ncha zao za mishale.

Namna vyungu vilivyosafiri inaonekana As-Sabiyah, Kuwait. Yalichimbuliwa huko mapande ya lami ya zaidi ya miaka 7,000. Upande mmoja una alama za matete yaliyofungwa pamoja, upande wa pili umegandwa na magamba ya viumbe wanaong'ang'ania chini ya vyombo vya baharini. Ni ngozi ya chombo kilichoelea kweli. Pande moja la lami limeeleza kuliko mishale kumi.

Mfano wa leo uko hapa hapa. Uwanja wa mpira wa Al Thumama, uliosanifiwa na Ibrahim Jaidah na kufunguliwa tarehe 22 Oktoba 2021, una umbo la gahfiya, kofia ya kutarizi inayovaliwa chini ya kitambaa cha kichwani. Kofia za aina hiyo huvaliwa pia Lamu na Unguja. Atakayezichimbua baadaye atajua kwamba watu walionana. Lugha ya mvaaji hataipata kwenye nyuzi.

Hata hivyo pwani yetu ya Afrika Mashariki imekuwa ikisomwa hivyo hivyo. Tangu Robert Soper aueleze ufinyanzi wa Kwale miaka ya 1960, kigae cha Kwale kimetosha kuwa cheti cha kuwasili kwa wasemaji wa Kibantu, na chuma na kilimo mkononi. Mwanaakiolojia Felix Chami ameshikilia kwa muda mrefu kwamba pwani na visiwa vilikuwa na watu na biashara kabla ya chuma. Tarehe zake zinaweza kubishaniwa. Swali lake halijajibiwa kwa kupuuzwa.

Utafiti wa vinasaba wa 2023, ambao mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alishiriki, ulisoma watu 80 wa pwani na bara walioishi takriban kati ya 1250 na 1800. Kwa wengi wa pwani, asili ya upande wa kike ilikuwa ya Kiafrika, na ya upande wa kiume kwa sehemu kubwa ya Kiajemi. Wasomaji wengi wameshika nusu ya Uajemi tu. Lakini miji ile ilizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu: baba wa mbali, lugha ya mama. Damu nayo haikubeba utamaduni mzima.

Makala mbili za toleo hili zinafuata vitu badala ya damu. Ya shanga za maganda ya mayai ya mbuni inarejea uchunguzi wa 2022 wa shanga zaidi ya 1,500. Ya obsidiani inatufikisha mlima Eburru, karibu na Naivasha.

Kinachodaiwa sasa kinawezekana. Vigae vya Kwale vilivyo kwenye masanduku ya makumbusho vikatwe vipande vyembamba, vipimwe kwa wingi, na udongo wake ulinganishwe na wa vilima vya Shimba na milima ya Usambara na Pare. Kazi hiyo ifanyike Nairobi na Dar es Salaam, ilipiwe kwanza, kabla ya mifupa mingine kupakiwa kwenda maabara za ng'ambo.