Rod Serling na chupa ya Coca-Cola

Rod Serling husifiwa kwa wepesi wa kalamu: tamthilia za runinga, hadithi za ajabu, kisha filamu, ikiwemo Planet of the Apes ya 1968 aliyoiandika na Michael Wilson. Sifa hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni aibu ya waliomlipa.

Mwaka 1955 Emmett Till, mtoto Mweusi wa miaka 14, aliuawa Mississippi, na baraza la wazungu watupu likawaachia huru watuhumiwa. Serling akataka kuandika juu ya udhalimu huo. Mabaraza ya wazungu wa Kusini yakatishia kususia bidhaa za mdhamini, U.S. Steel. Noon on Doomsday iliporushwa mwaka 1956, aliyeuawa alikuwa mgeni asiyejulikana asili yake, kisa kimehamishiwa New England, na hata chupa za Coca-Cola zimeondolewa zisimkumbushe mtazamaji Kusini. Chupa! Alipojaribu tena mwaka 1958, aliyeuawa aligeuzwa Mmeksiko, na kisa kikasukumwa hadi karne ya 19.

Hakuna waziri aliyetia saini katazo lolote. Muuza chuma alitosha. Ndipo mwaka 1959 ikazaliwa The Twilight Zone, ambayo Serling aliiandikia vipindi 92 kati ya 156. Majirani walipogeukana kwa hofu ya viumbe wa angani, wadhamini hawakuona neno. Na leo hilo twaliita kipaji cha kubadilika, ilhali waliomfungia mlango hatuwataji.