Tabasamu la Kuamriwa

Kampuni ya maduka ya Marekani, Walmart, ilipoingia Ujerumani mwaka 1997 kwa kununua maduka ya Wertkauf, ilibeba na desturi zake za Arkansas: wafanyakazi kukusanyika asubuhi na kuimba jina la kampuni, keshia kumchekea kila mteja. Wafanyakazi wengi waliona aibu tupu, na baadhi ya wateja wa kiume wakadhani wanatongozwa.

Hilo lingesameheka. Kosa zito lilikuwa kuliruka baraza la wafanyakazi, ambalo kwa sheria za Ujerumani lina kauli katika kanuni za mwenendo kazini. Mwaka 2005 kampuni ilitoa mwongozo uliogusa hata mapenzi baina ya wafanyakazi. Baraza likaenda mahakamani, na vifungu kadhaa vikafutwa. Lilikuwa na haki kabisa!

Mwaka 2006 Walmart iliondoka Ujerumani, na maduka yake 85 yakauzwa kwa kampuni ya Kijerumani ya Metro.