Kiti Kati ya Idara Mbili

Mjadala kuhusu Erich Hückel na uprofesa uliomchelewa umerudi katika toleo hili, na baadhi ya wachangiaji wamemtwisha lawama marehemu mwenyewe: kwamba hisabati yake ilikuwa nzito, kwamba hakujua kujinadi, na kwamba Linus Pauling alimshinda kwa haki kwa nadharia ya rezonansi, inayoichukulia molekuli kuwa mchanganyiko wa michoro ambayo wanakemia walikwisha kuizoea. Hoja hizo zina ukweli wake, lakini zinavisamehe vyuo vikuu, ambavyo ndivyo vilivyostahili kuulizwa kwanza.

Hückel, mwanafizikia aliyesomea Göttingen, alijulikana tangu mwaka 1923 kwa nadharia ya elektroliti, yaani miyeyusho inayopitisha umeme, aliyoiunda pamoja na Peter Debye mjini Zürich. Mwaka 1931, akiwa Stuttgart, aliigeukia benzeni, pete ya atomi sita za kaboni, akaonyesha kwamba elektroni zake sita za pai, ambazo hutanda juu na chini ya pete bila kumilikiwa na atomi yoyote, hujaza kikamilifu ngazi za chini za nishati, ilhali kwa hesabu hiyo hiyo pete yenye elektroni nne au nane hubaki na ngazi iliyojaa nusu. Ndipo ikaeleweka kwa nini pete ya kaboni tano huwa tayari kupokea elektroni na ile ya kaboni saba huwa tayari kuitoa, kwani zote mbili huishia na elektroni sita. Mwaka 1954 William Doering na Lawrence Knox walionyesha kwamba bromidi ya pete ya kaboni saba huyeyuka katika maji kama chumvi, jambo ambalo misombo ya kawaida ya kaboni na bromini haifanyi: pete ilikuwa imeitoa elektroni yake, kama hesabu ya Hückel ilivyotabiri.

Mwenye kazi hiyo alipewa Marburg, mwaka 1937, nafasi ya chini ya profesa kamili, tena katika fizikia ya nadharia, akapandishwa cheo miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza, mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu. Wanafizikia waliiona benzeni kuwa shughuli ya wanakemia, na wanakemia hawakumtambua mwenzao asiyeshika chupa ya maabara. Wanaomlaumu kwa tabia yake wamtazame kaka yake Walter, mwanakemia wa maabara aliyemwelekeza kwenye matatizo ya kemia ya kaboni: huyo alikuwa na kiti cha uprofesa Breslau katika miaka ile ile. Malezi yalikuwa mamoja; kilichotofautiana ni idara.

Makala kuhusu Charles Coulson na Christopher Longuet-Higgins, walioikuza mbinu ya Hückel nchini Uingereza, inajitosheleza. Ile ya Kenichi Fukui na Roald Hoffmann, walioshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1981, inastahili kusomwa sambamba na hoja hii, kwa kuwa mbinu ambayo Hoffmann aliitangaza mwaka 1963 ilipanua ile ya Hückel na kubeba jina lake. Makala ya mwisho inapendekeza kwamba mtafiti wa nadharia apimwe na kamati yenye wajumbe wa idara zote mbili, na kwamba utabiri uliothibitishwa na maabara ya mwingine uhesabiwe kuwa kazi yake. Uhariri wa jarida hili unaliunga mkono pendekezo hilo bila masharti.