Kansere ya ziwa iliyoenea: nani atalipa vidonge vya mwezi ujao?

Octobre rose ikifika, redio na makanisa yetu yanasema neno moja: mama, jipime ziwa, enda lupitali mapema, kansere ya ziwa inapona. Ni kweli, na tunaunga mukono. Lakini katika kamp ileile kuna mama anasikiliza redio hiyo, na yeye munganga amekwisha kumwambia kwamba kansere imetoka kwenye ziwa, imeingia katika mifupa. Kwake redio haina neno. Anaelewa tu kwamba amechelewa, basi. Na jamaa inaanza kumuangalia kama mutu aliyekwisha kuaga.

Hapo kuna kutoelewa, na kutoelewa huko kunaua.

Kansere ya ziwa si moja. Kuna ile inayokula homoni: iko na milango ya kupokea estrojeni, na estrojeni ndiyo chakula chake. Kati ya kansere zote za ziwa duniani, aina hii ndiyo nyingi zaidi. Kuipiga ni kuifungia chakula. Si mawazo ya jana. Mwaka 1896, munganga mumoja wa Glasgow, George Beatson, alieleza namna alivyotoa ovari za mama mwenye kansere iliyoendelea, na uvimbe ukapungua. Tangu miaka ya 1970 kuna tamoxifen, inayoziba ule mulango. Kisha zikaja letrozole na anastrozole, zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni kwa bamama ambao damu ya mwezi imekwisha kukatika. Kwa wale ingali inakuja, munganga anaweza kusimamisha ovari pia. Ni kidonge kimoja kwa siku, unameza nyumbani na kikombe cha maji. Si kemo ile ya kupoteza nywele, ambayo watu wanaogopa kabla hata ya kuuliza.

Je, inaponyesha? Hapana. Kansere ikisha kuenea hivyo, vidonge haviitoi. Lakini kati ya kupona na kufa kesho kuna nafasi kubwa, na watu wetu hawaijui. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya uchunguzi kwa wanawake 668 waliopitisha umri wa damu ya mwezi, wote wenye aina hii iliyoendelea. Wale waliopewa letrozole bila dawa mupya, nusu yao walipitisha miezi 51. Walioongezewa dawa mupya, ribociclib, nusu yao walifikia karibu miezi 64. Tunajua, wale walitunzwa katika lupitali zenye kila kitu, na bei ya ribociclib si ya mushahara wa chofere wa benne. Lakini tuangalie ile hesabu ya kwanza, ya kidonge cha zamani ambacho leo sosiete nyingi za dawa zinakitengeneza. Zaidi ya miaka mine. Mutoto aliyekuwa la pili primere anafika la sita na mama yake angali nyumbani. Nusu nyingine hawakufika huko, na hatutaki kumudanganya mutu. Lakini mama asiyemeza kitu hayumo hata katika hesabu hiyo.

Wachimbaji wataelewa haraka kuliko wengine. Mugodi wa Kipushi ulisimamisha uzalishaji mwaka 1993, lakini pompe ziliendelea kutoa maji chini. Mwaka 2011 pompe zikaharibika, maji yakapanda. Ilibidi miaka ya kuyatoa, na uzalishaji ulirudi mwaka 2024. Ndani ya ardhi maji hayaishi, kila mutu wa fond anajua. Hakuna anayesema: sababu maji yanakuja, tuache mugodi. Anauliza kama pompe inazunguka, kama kuna kuran, kama kuna pompe ya pili. Kansere hii ni hivyo. Siku moja kidonge kinaweza kushindwa, na munganga anabadilisha na kingine. Ndiyo pompe ya pili.

Basi, kwetu pompe inasimama wapi? Kwanza kwenye labo. Bila kupima kipande cha nyama ya uvimbe kuona kama iko na ile milango, munganga anakwenda gizani. Uliza swali hilo kwa majina yake: récepteurs hormonaux, walipima ao hawakupima? Mara nyingine inasimama kwa mufuko: mwezi huu makuta ilienda kwa minervale, vidonge vitangoja. Na inasimama nyumbani. Mama anasikia nguvu kidogo, jirani anamwambia umekwisha kupona, acha dawa. Ao viungo vinamuuma na joto linampanda usiku, ambayo ni kazi ya dawa yenyewe, naye anaacha bila kusema. Aseme, kuna namna ya kusaidia. Miguu ikilegea ghafula ao mukojo kuzuilika, huyo aende lupitali siku hiyohiyo, mifupa ya mugongo imeguswa. Na maombi hayakatazi kidonge. (Baba pia anaweza kupata kansere ya ziwa. Ni mara chache, lakini kwa wanaume karibu kila mara ni aina hiihii ya homoni. Anayecheka anyamaze.)

Mambo ya makuta sasa. Code du travail ya 2002 inasema patron anapashwa kumupa mufanyakazi na jamaa yake matunzo ya lupitali na dawa. Jamaa yake: ni kusema bibi na watoto wanaotambuliwa kwenye makaratasi. Si zawadi, ni sheria. Lakini mutu wa sutretansi anasikia kila mara kwamba liste ya dawa ni fupi, na creuseur hana patron wa kumuuliza. Kwa hao, tuangalie Code minier iliyobadilishwa mwaka 2018. Asilimia 15 ya redevance inaenda kwa miji, sekteri na sheferi zenye mugodi, na kila sosiete inayochimba inatoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Tunaona masoko na masomo yakijengwa, vizuri. Stoki ya tamoxifen haina ukuta wa kupakwa rangi wala riboni ya kukata, labda ndiyo sababu hatuisikii katika orodha za miradi.

Na kuna neno hili la kobalti. Mwaka 1951, kule Kanada, mashini za kwanza za miali ya kobalti 60 zilianza kutunza wagonjwa wa kansere. Wakati ule Katanga ndiyo ilikuwa mbele ya wote kwa kobalti duniani, na leo Congo ingali mbele. Lakini mama wa Lubumbashi ambaye mufupa unamuuma, na ambaye mara nyingine kikao kimoja cha miali kingetosha kumupunguzia, wako waliomupandisha bisi, wakavuka Kasumbalesa naye mpaka Lusaka, kwenye hospitali ya kansere iliyofunguliwa mwaka 2007. Wazambia wameamua. Na sisi?

Sindika zinapoketi na patron juu ya convention collective, delege wanazoea kupigania pirime na unga. Waulize pia: tamoxifen na letrozole ziko kwenye liste? Za miezi mitatu mbele, ao za wiki mbili tu? Na swali gumu kuliko yote, sababu sheria inamulinda mugonjwa mpaka mwisho wa kontra: kontra ikiisha, kidonge cha kesho yake kinatoka wapi? Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa départ volontaire, na jamaa zao zikabaki bila lupitali ya sosiete. Kuna kontra za leo za miezi michache tu. Mama anayekunywa letrozole anahesabu kwa miaka.