Kulegea kidogo kunadhuru

Ipo imani iliyokita mizizi miongoni mwa mafundi wetu, na zaidi miongoni mwa wanaowasifu mafundi bila wao wenyewe kushika spana: kwamba kifaa kinachoendelea kufanya kazi hakijaharibika. Mjini Kisumu utaisikia Kibuye kwenye mabanda ya jua kali, utaisikia kwenye gereji za Kondele, utaisikia ufuoni Dunga injini ya mashua inapotetemeka kupita kiasi na mwenyewe akajibu kwamba mradi inatembea. Imani hiyo imelisha familia nyingi, na sina ugomvi nayo inapohusu baiskeli au toroli. Ugomvi wangu unaanza inapopanda hewani. Kila Mkenya anapotangazwa kuwa amejiundia ndege nyumbani, wanaomsifu wanamiminika kumtetea, na mtu akithubutu kuuliza hali ya viungo vinavyogeuza mabawa na mkia, anajibiwa kwamba kucheza kidogo si kitu. Bawaba ni bawaba, wanasema. Ya mlango wa nyumba hulegea miaka mingi na mlango bado unafungwa. Nasema jibu hilo ni la uongo, uongo wake umejulikana kwa zaidi ya miaka 100, na hapa kwenye ukingo wa Ziwa Victoria una hatari kubwa kuliko mahali pengi.

Tuanze na kiungo chenyewe. Ndege huongozwa kwa vipande vinavyogeuka: eleroni kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa, eleveta na usukani kwenye mkia. Katika ndege nyingi ndogo za kuundwa nyumbani, vipande hivyo hushikwa na bawaba ndefu ya alumini yenye vijicho vilivyopishana, na pini moja nyembamba ya chuma ikapitishwa katikati yake. Alumini ni laini kuliko pini. Injini inapotetemeka, vijicho hukwanguka kidogo kidogo, na ule unga wa kijivu au mweusi unaochafua rangi kando ya bawaba una oksidi ya alumini ndani yake, kitu kigumu ambacho viwandani hutengenezewa msasa. Ndiyo maana bawaba iliyoanza kulika hujisaga yenyewe, na kadiri inavyojisaga ndivyo inavyozidi kulika haraka. Tundu lililokuwa duara linarefuka kuelekea upande unaobeba mzigo. Hali ni mbaya zaidi kwenye maungio ya fimbo zinazosukuma kipande, kwa kuwa hapo hesabu hukuza kasoro: fimbo ikilegea nusu milimita mahali ilipo sentimita 5 kutoka kwenye mhimili, ukingo wa kipande ulio sentimita 30 kutoka mhimili huohuo utacheza milimita 3. Mkono ukiugusa utasema ni kidogo. Hewa haiupimi kwa mkono.

Hewa inapopita juu ya kipande kilicholegea, kipande husogea. Kikisogea, bawa hujikunja kidogo. Bawa likijikunja, kipande husogea tena. Ikiwa miendo hiyo miwili itakutana kwa mpigo mmoja, kila mzunguko huchota nguvu mpya kutoka kwenye upepo wa mwendo, na ndege huanza kupapatika. Mpapatiko wa namna hiyo unaweza kung'oa mkia kabla rubani hajajua kinachomtikisa. Mambo mawili ndiyo huuzuia: ugumu wa viungo, na uzito wa kipande kusawazishwa mbele na nyuma ya mhimili wake. Bawaba iliyolegea huondoa ugumu huo mahali unapohitajika zaidi, yaani katika ule mwendo mdogo wa mwanzo. Waingereza walilitambua jambo hili mwaka 1916, mkia wa ndege ya kivita ya Handley Page ulipotikisika kwa fujo angani. Watafiti Lanchester na Bairstow walipolichunguza waligundua kwamba eleveta ya kushoto na ya kulia hazikuunganishwa kwa ugumu wa kutosha, kila moja ikafuata njia yake. Zikaunganishwa kwa bomba gumu. Tangu wakati huo, mhandisi hawezi kudai kwamba hakuambiwa.

Pingamizi la kwanza nalisikia likija: hizo zilikuwa ndege za vita, hiki chetu ni kindege chepesi cha mwendo wa polepole. Wepesi hauokoi. Zenith CH 601 XL ni ndege ya kujiundia yenye viti viwili, uzito wake pamoja na watu na mafuta ni kilo 600 hivi. Baada ya kadhaa za aina hiyo kuvunjika hewani, bodi ya Marekani inayochunguza ajali iliitaka mamlaka ya anga ya nchi hiyo, Aprili 2009, izizuie kuruka, na lililotiliwa shaka ni mpapatiko wa eleroni. Kati ya marekebisho yaliyofuata kulikuwamo kuimarisha bawa na kuongeza uzito wa kusawazisha eleroni. Na anayedhani kipande kidogo hakiwezi kuleta msiba mkubwa aisome ajali ya Reno, Nevada, ya Septemba 2011. Ndege ya mashindano ilipoteza udhibiti na kuwaangukia watazamaji. Watu 11 walikufa. Ile ilikuwa ndege ya kasi kubwa sana, sikatai, lakini wachunguzi walirudi nyuma hadi kwenye nati za kujifunga zilizochoka, zilizoruhusu kibawa kidogo cha eleveta kulegea na kupapatika.

Tena huo upole wa mwendo unaosifiwa Kisumu ni wa kwenye saa ya mwendo tu. Uwanja wetu wa ndege uko takribani mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua kali joto hufika nyuzi 30. Hewa ya hali hiyo ni nyepesi kwa asilimia 17 hivi kuliko hewa ya kawaida ya pwani ambayo saa ya mwendo hupimiwa. Rubani anayesoma kilomita 160 kwa saa anapita hewani, kwa kweli, kwa karibu 176. Akipanda kuelekea milima ya Nandi hadi mita 3,000, tofauti hukaribia sehemu moja ya tano. Mpapatiko haufuati maandishi ya saa. Kwa sehemu kubwa unafuata mwendo halisi. Mtu aliyenunua michoro ya ndege kutoka nchi tambarare zilizo karibu na bahari, akajiwekea mpaka wa mwendo ulioandikwa mle na kuuamini bila kuukagua kwa mwinuko wa hapa, amekula sehemu ya akiba yake ya usalama kabla bawaba haijalegea hata kidogo. Bawaba ikilegea inakula iliyobaki. Kwangu mimi hoja hii peke yake ingetosha kuufunga mjadala, na nashangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra.

Kisha kuna ardhi, mahali ndege ndogo hukaa muda mwingi kuliko angani. Kisumu tunazijua dhoruba za alasiri: mawingu yanajikusanya upande wa vilima, upepo unageuka ghafla, mabati yanapiga kelele, mvua inafuata. Ndege iliyoegeshwa nje bila kufungwa vipande vyake vya kuongozea hupigwapigwa eleroni na usukani juu chini, na dhoruba moja ya namna hiyo huweza kulegeza bawaba kuliko safari nyingi za angani. Wakati wa kiangazi linakuja vumbi la uwanda wa Kano na barabara za miwa, linaingia kwenye vijicho. Wengi hapa hukimbilia grisi. Grisi nzito kwenye bawaba iliyo wazi hushika vumbi hilo na kuligeuza tope la kusagia. Aliyeiunda ndege anapaswa kujua bawaba ipi inataka mafuta mepesi, ipi inataka kilainishi kikavu, na ipi ina beringi inayohitaji grisi kweli. Wengine hujifariji kwamba ziwa letu ni la maji baridi, hivyo kutu si tatizo. Chumvi ikikosekana kutu hupungua kasi, naam, lakini alumini ikigusana na pini ya chuma kwenye unyevu wa kila usiku bado huliwa.

Tufike kwenye ukarabati, maana hapo ndipo imani ninayoipinga hufanya madhara yake makubwa. Dawa zake zinajulikana: chukua pini nene zaidi uilazimishe ipite, gonga vijicho kwa nyundo vibane, weka washa, au piga welding. Pini nene inayolazimishwa kwenye tundu lililorefuka hugusa pande mbili tu, mzigo wote ukakaa kwenye mistari miwili myembamba, na baada ya muda mfupi tundu linarefuka tena, sasa kwenye kijicho kilichobaki na nyama kidogo. Nyundo huacha nyufa ambazo jicho halizioni. Moto wa welding huilainisha aloi ya alumini iliyopewa ugumu wake kiwandani, na ugumu huo haurudi kwa kuipoza kwenye ndoo. Njia ya haki ni ndefu. Bawaba ya vijicho iliyolika hung'olewa yote, ribiti zikatobolewa kwa uangalifu, ikawekwa mpya ya aina ileile iliyo kwenye michoro, pamoja na pini mpya. Penye bolti na bushi, tundu husafishwa kwa rima hadi liwe duara tena, kisha hutiwa bushi ya kipimo hicho kipya, mradi chuma kinachobaki ukingoni kinatosha kwa mujibu wa michoro. Na kazi haijaisha. Kipande kilichokarabatiwa, hasa kilichopakwa rangi upya, hupimwa tena usawa wake kwenye mhimili, kwa sababu rangi na kiraka nyuma ya bawaba huongeza uzito upande uleule unaochochea mpapatiko. Hatua hii ndiyo naona inarukwa kirahisi kuliko zote, kwa kuwa ndege inaonekana imeshapona.

Kuna wanaokubali haya yote kisha wakasema: tutapima, ikiwa bado iko ndani ya mpaka tutaendelea. Kupima ni jambo jema, ila mpaka si kiti cha kukalia. Mwaka 1997, ndege ya abiria ya Alaska Airlines ilikaguliwa mjini Oakland, na nati ya skrubu inayoinua na kushusha bawa la mkia ikakutwa imelika hadi kwenye mpaka unaoruhusiwa, kama milimita 1. Ikaandikwa kwamba ibadilishwe. Ikapimwa tena, safari hii ikasomeka chini ya mpaka, ndege ikarudishwa kazini. Tarehe 31 Januari 2000 nyuzi za nati hiyo zilikuwa zimekwisha, ndege ikatumbukia baharini karibu na California, na watu wote 88 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walisema ilikosa kulainishwa ipasavyo. Shirika lile lilikuwa na karakana, vitabu na wakaguzi. Mjenzi wa ndege moja nyuma ya nyumba hana hata kimoja cha kumsahihisha, kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji kuwa mkali zaidi juu ya nambari yake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la heshima. Wanasema ukali huu ni wa nchi tajiri, na kwamba ukimdai fundi wa Nyanza bawaba mpya kutoka ng'ambo unamvunja moyo na kuua kipaji. Gabriel Nderitu wa Nyeri alipokuwa akiunda ndege zake, nchi nzima ilimfuatilia kwa hamu, na hamu hiyo naielewa na ninaishiriki. Lakini eneo letu lenyewe limeshajibu hoja hii. Meli ya William Mackinnon ililetwa hapa vipandevipande kutoka Scotland, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1900; haikuunganishwa kwa kubahatisha kipande kipi kinafaa wapi. Kisumu ilikuwa kituo cha ndege za majini za Imperial Airways kuanzia miaka ya 1930, na mojawapo ya ndege za njia hiyo, Corsair, ilitua kwa dharura kwenye mto Dungu karibu na Faradje, Kongo, Machi 1939, tumbo likatoboka. Palikuwa porini hasa. Mafundi walisafirishwa hadi pale, wakaitengeneza. Jaribio la kuruka likashindikana, tumbo likatoboka tena. Wakaitengeneza upya, bwawa likajengwa kwa jasho la wenyeji ili mto uinuke, na Januari 1940 ikaruka. Umbali na ukosefu wa vifaa uliongeza miezi kwenye kazi ile. Haukupunguza kipimo cha kazi yenyewe. Anayesema fundi wetu apimwe kwa kipimo cha chini kwa sababu yuko Kisumu ndiye anayemdharau.

Kuhusu gharama, bawaba ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kwenye ndege nzima. Kinachogharimu ni siku za kuing'oa na kuirudisha vizuri. Na kuhusu sheria, ndege yoyote ya kiraia inayoruka nchini iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Wanaolalamika kwamba mamlaka inawabana wajenzi wangesaidia zaidi wakidai mpango unaofanana na wa Uingereza, ambako chama cha ndege nyepesi kina wakaguzi wake wanaomtembelea mjenzi kazi ikiendelea, kabla bawa halijafunikwa. Kisumu National Polytechnic ingeweza kuwa makao ya ukaguzi kama huo kwa eneo lote la ziwa. Vifaa vya kuanzia si vingi: mizani ya kupimia usawa wa eleroni, kipimo cha mshale kinachosoma sehemu za mia za milimita, seti ya rima, na daftari ambamo kila bawaba ina ukurasa wake wenye tarehe na nambari. Ndege ambayo mjenzi wake hawezi kufungua daftari hilo na kuonyesha bawaba zilisomeka ngapi mara ya mwisho ibaki chini, hata kama gavana ameshafika uwanjani na kamera zimewashwa.